Mzee Jani na Lundo la Nyuma ya Jiko

Kila siku ya kazi, kabla wanafunzi hawajaamka, Mzee Jani alikuwa ameshafagia nusu ya chuo.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wenyewe, na hawakukosea. Kwa miaka ishirini na miwili mzee huyu alikuwa mtunza bustani wa chuo kikuu. Jani halikudondoka mbele yake likalala chini. Akiliona moja tu kwenye ngazi za maktaba, aliinama, akaliokota, akalitia mfukoni. Mkewe alipofua suruali zake, ilimbidi kwanza apekue mifuko kama askari anayemsaka mwizi.

Saa kumi na mbili na nusu majani yote yalikuwa yamerundikwa nyuma ya jiko la chuo. Hapo Mzee Jani alitoa kiberiti. Moshi ulipanda, ukaingia madirishani mwa mabweni, na wanafunzi wakajua kumekucha. Wengine walikohoa, wengine wakafunga madirisha. Mmoja alimwambia kwamba hana haja ya saa, moshi wa mzee unamtosha. Mzee Jani aliyachukua maneno hayo kama sifa.

Mkewe alikuwa mpishi mkuu katika jiko hilohilo. Kila siku jiko lilitoa ndoo nane za taka: maganda ya viazi na ndizi, majani ya nje ya kabichi, na mabaki ya sahani za wanafunzi. Zote zilitupwa kwenye shimo, zikangoja lori. Lori lilikuja mara moja kwa wiki, tena siku ambayo halikuharibika.

Hatua chache kutoka kwenye shimo kulikuwa na kitu ambacho Mzee Jani alikipenda kuliko vyote pale chuoni. Kilikuwa kitalu chake cha miche. Alikianzisha mwenyewe, bila kuagizwa na mtu. Miche mia nne ilisimama kwa mistari, kila mmoja kwenye mfuko wake, ikingoja mvua ili ipandwe kando ya njia za chuo. Lakini majani yake yalikuwa ya njano. Udongo wa pale ulikuwa umechoka.

"Mama yangu alikuwa anamwaga maganda nyuma ya nyumba," mkewe alimwambia siku moja. "Maboga yakajiotea yenyewe. Hakuna aliyeyapanda."

Maneno hayo yalimkaa Mzee Jani kichwani. Maboga yalijiotea vipi? Maganda yanageuka lini kuwa udongo? Usiku wa kwanza aliwaza, wa pili akaamua. Alikwenda kwa msimamizi wa mazingira ya chuo, bwana mmoja wa viatu vinavyong'aa, akaomba ruhusa ya kutengeneza mbolea. Msimamizi alimtazama sana. Mwisho akakubali.

Mzee Jani alianza siku hiyohiyo. Alichukua maganda na mabaki ya jikoni, ndoo nane kwa siku, akayarundika karibu na kitalu. Ndoo juu ya ndoo. Majani yake aliendelea kuyachoma kama kawaida, maana majani ni uchafu, na yeye alikuwa mtu wa usafi.

Wiki haikuisha, lundo likaanza kunuka.

Si kunuka kwa mchezo. Wapishi walifunga mlango wa nyuma. Nzi walikuja na jamaa zao wote. Mzee Jani alifanya kile ambacho mtu wa usafi yeyote angefanya. Alilifunika lundo kwa turubai la plastiki, akalibana kwa mawe pande zote. Kisha, kila asubuhi, aliinua ncha ya turubai na kumwaga ndani nusu ndoo ya dawa ya kusafishia vyoo. Kwake yeye harufu mbaya ilikuwa na tiba moja tu, na tiba yenyewe ilikaa stoo.

Harufu haikupona. Sasa ilikuwa uvundo wenye dawa.

Siku ya kumi na mbili msimamizi alikuja, kitambaa puani. Alisema maneno machache. Alitoa wiki mbili. Harufu ikiendelea, lundo litazolewa, na eneo lote la nyuma ya jiko litamwagwa zege, maana chuo kina uhaba wa maegesho ya magari.

"Na kitalu?" Mzee Jani aliuliza.

"Eneo lote, mzee," msimamizi alijibu, akaondoka haraka.

Mzee Jani alibaki amesimama. Mvua zilikuwa bado miezi mitatu. Miche ikipandwa katika jua hili, itakufa yote. Moyo ulimuuma, na zaidi aliona haya, kwa sababu balaa hili alikuwa amelileta kwa mikono yake mwenyewe.

Nyumbani hakula vizuri. Mkewe alimwangalia, akamsogezea bakuli.

"Wahenga walisema akiba haiozi," alisema. "Yako, mume wangu, imeoza mpaka majirani wamejua."

Mzee Jani hakutaka kucheka, lakini alicheka. Mkewe naye akacheka. Kisha akamkumbusha kwamba upande wa pili wa ukuta wao anaishi fundi wa maabara ya udongo, binti anayeshinda siku nzima akipima udongo wa watu wengine. Kwa nini asiulizwe? Mzee Jani alinung'unika. Amekaa chuoni tangu binti huyo hajaanza shule, leo aende kumuuliza habari za takataka? Mkewe alimjibu kwamba kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukaa karibu na kisima ukafa kwa kiu.

Asubuhi iliyofuata wote watatu walisimama nyuma ya jiko. Fundi alikuwa amevaa glavu na viatu vya mpira.

"Shikamoo mzee. Tufunue."

"Marahaba, mwanangu. Lakini ziba pua."

Fundi hakuziba. Alipofunua turubai, alichutama na kunusa polepole, kama mpishi anayeonja mchuzi. Funza walikuwa wakitambaa pembeni. Alichukua kijiti, akachokoa. Maganda ya chini yalikuwa yamelowa na kugandamana, meusi, yanateleza. Alikunja uso, akanusa tena. Aliuliza ni kitu gani kingine kimetiwa humu. Mzee Jani alitazama mbali, akasema ni maganda tu.

"Mficha uchi hazai, baba," mkewe alisema taratibu. "Mwambie."

Mzee Jani akasema yote: ndoo, turubai, dawa ya vyoo kila asubuhi.

Fundi hakumcheka. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaeleza.

"Mzee, maganda hayageuki udongo yenyewe. Yanaliwa. Ndani ya lundo kuna viumbe wadogo mno, macho hayawaoni. Hao ndio wanaofanya kazi. Na ni kama sisi, wanakula, wanakunywa, wanapumua. Hapa umewafunika wakakosa hewa. Waliokosa hewa wakafa, wakaja wengine wanaoishi bila hewa. Hao ndio wenye uvundo huu. Halafu kila asubuhi ukawanywesha sumu wote."

"Kumbe nilikuwa nawaua vibarua wangu mwenyewe."

"Bila kujua, mzee."

"Sasa hewa naitia vipi humo? Kwa pampu?"

Fundi alitabasamu. Alisema maganda yana maji mengi. Yakikaa peke yake yanashikana kama uji ulioganda, hewa haipiti. Yanataka kuchanganywa na kitu kikavu, chepesi. Ndoo moja ya maganda kwa ndoo mbili au tatu za kikavu hicho. Kinanyonya maji, kinaacha nafasi za hewa, na chenyewe pia ni chakula cha wale vibarua. Bila hicho, hakuna mbolea.

"Kitu gani hicho?" Mzee Jani alisogea karibu. "Kinauzwa wapi?"

"Hakiuzwi. Ni majani makavu."

Mkewe alishika mdomo. Fundi aliinua macho, akatazama nyuma ya mabega ya mzee, mahali moshi ulipokuwa unapanda.

"Na kule unachoma nini, mzee?"

Mzee Jani aligeuka. Moto wake wa asubuhi ulikuwa ndio kwanza umeshika. Kando yake palikuwa na mlima wa majani makavu unaongoja zamu yake, uliofagiwa vizuri, bila hata karatasi moja ndani.

"Majani," alisema kwa sauti ndogo.

"Ya kila siku?"

"Ya kila siku. Miaka ishirini na miwili."

Hapo mkewe alishindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Mzee Jani hakucheka. Alikuwa anahesabu moyoni asubuhi zote hizo, milima yote hiyo, na miche yake iliyokuwa na njaa hatua kumi kutoka hapo. Aliumia kweli. Alichukua ndoo ya maji, akaenda kwenye moto wake, akaumwagia. Moto ulilia tsss, ukafa. Kesho yake mwanafunzi asiye na saa alichelewa darasani.

Kazi ikaanza upya. Lundo lenye sumu halikufaa tena. Fundi alisema udongo wenye dawa ile ungeunguza mizizi ya miche. Sehemu iliyopona ilikuwa ndogo, nayo hawakuiamini. Lilizolewa lote na lori, na Mzee Jani alilisindikiza kwa macho mpaka likakata kona.

Chini ya lundo jipya alitandaza matawi membamba, ili hewa ipite. Juu yake akaweka majani makavu, kisha maganda, kisha majani tena, mpaka lundo likafika kiunoni. Kila mara alimalizia kwa majani, yawe kama blanketi, nzi wakose pa kutua.

"Maji kiasi gani?" aliuliza.

"Unadeki?"

"Nimedeki kabla hujazaliwa."

"Basi chukua konzi moja ya lundo ukamue. Iwe kama tambara la kudekia ulilolikamua vizuri. Limelowa, lakini halidondoshi. Likidondosha, ongeza majani. Likiwa kavu, nyunyiza maji."

Somo hilo Mzee Jani hakuliandika popote. Mkono wake ulikuwa unalijua tayari.

Tatizo likawa upande wa mkewe. Walipomwaga ndoo za kwanza, walikuta ndani mifuko ya plastiki, mirija, kalamu mbili, mswaki, na betri ya tochi. Fundi aliishika betri akasema hii ikiozea humu, sumu yake itaingia kwenye udongo, na kutoka kwenye udongo hadi kwenye tunda. Akasema pia kwamba chakula kilichopikwa, nyama, mifupa na mafuta visiingie kwenye lundo, maana vitawaita panya.

"Sasa mabaki ya sahani niyapeleke wapi?" mpishi aliuliza. "Ni ndoo tatu kila siku."

"Yabaki kwa lori, mama. Ila dawa ya mabaki ni yasiwepo."

Mpishi aliondoka akiwa anawaza. Kesho yake aliweka mapipa matatu kwenye dirisha la kurudishia sahani. Moja la maganda ya matunda, moja la mabaki ya chakula, moja la plastiki na takataka nyingine. Kila mwanafunzi alipaswa kumwaga mwenyewe. Na yeye mpishi akasimama pale na mwiko mkononi, kimya, akiangalia. Si kwa ukali. Alitaka tu kujua.

Ilikuwa vigumu kumwaga nusu sahani ya wali mbele ya aliyeupika. Wengine walirudi mezani wakamalizia. Wengine waliguna kwamba wamelipa ada, sasa wanafanywa wazoa taka. Mpishi hakubishana. Kijana mmoja alipomwaga rundo zima, alimuuliza taratibu wali una kasoro gani. Chumvi? Umeungua?

"Mama, wali hauna kasoro," kijana alijibu, amejiinamia. "Upawa wako ndio mkubwa."

Mpishi alirudi jikoni, akautazama upawa wake. Ulikuwa mkubwa kweli. Miaka yote aliamini kwamba sahani isiyojaa ni uchoyo, na kwamba mwanafunzi asiyeshiba atamsema kwao. Jioni hiyo alitafuta upawa mdogo, akatangaza dirishani kwamba asiyeshiba arudi, ataongezwa bila kuulizwa. Waliorudi walikuwa wachache. Siku ya nne ndoo tatu za mabaki zilikuwa ndoo moja, tena haijajaa.

Huku nyuma ya jiko Mzee Jani alikuwa hakai wala hasimami. Fundi alimwambia kwamba lundo likiwa zima, litapata joto lenyewe bila moto. Aliambiwa achomeke nondo katikati, aiache kidogo, aichomoe na kuishika. Siku ya kwanza nondo ilitoka baridi. Ya pili pia. Ya tatu aliishika, akaibadilisha mkono. Ilikuwa ya uvuguvugu. Siku ya tano hakuweza kuishika zaidi ya kufumba na kufumbua.

Kuanzia hapo alilitembelea lundo mara tatu kwa siku. Alimweleza mlinzi. Alimweleza dereva wa lori. Mkewe alilalamika kwa jirani kwamba sasa ana mke mwenza, tena mwenzake anapelekewa chakula kila saa.

Siku ya kumi na moja ya zile wiki mbili, nondo ilitoka baridi.

Mzee Jani aliichomeka tena, ikatoka vilevile. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Alianza kwenda maabara kumwita fundi, akafika nusu ya njia, akasimama. Kwani yeye hana mkono? Alirudi. Alitia mkono ndani ya lundo, akachota konzi, akakamua. Haikulowesha hata kiganja. Tambara lilikuwa limekauka. Hapo akaelewa: vibarua wana kiu. Alichukua uma wa shamba, akalipindua lundo lote, ya nje yakaenda ndani, ya ndani yakatoka nje. Alinyunyiza maji kila alipopindua. Hata tone la dawa hakugusa. Jioni fundi alipopita, akasikia habari, aliukamua udongo mwenyewe, kisha akampa mzee mkono wa pongezi, mchafu kama ulivyo.

Siku ya kumi na nne ilikuwa asubuhi ya baridi. Mzee Jani aliamka mapema, akaanza kulipindua lundo ili msimamizi alikute nadhifu. Alipolifungua katikati, kitu cheupe kilipanda hewani, kizito, kikapita juu ya paa la jiko.

Msimamizi alikiona kutoka getini. Alikuja mbio, viatu vyake vikikanyaga matope, jambo ambalo mlinzi anasema hajaliona tena.

"Mzee, umeanza tena kuchoma! Tena siku ya leo!"

"Sichomi, bwana."

"Moshi ule ni wa nini?"

"Si moshi. Ni mvuke. Linapumua."

Msimamizi alilisogelea lundo. Hapo akagundua jambo. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwenye lundo na kitambaa chake bado kiko mfukoni. Alinusa kwa hadhari. Akanusa tena, safari hii kwa nguvu. Hapakuwa na uvundo. Palikuwa na harufu ya ardhi iliyonyeshewa.

Mzee Jani alichomoa nondo, akamkabidhi. Msimamizi aliipokea, akaiachia upesi. Aliitazama, akatazama lundo, akazunguka upande wa pili kutafuta moto uliofichwa.

"Hii imechemshwa na nini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya bosi.

Basi Mzee Jani akamweleza. Alimweleza habari za vibarua wasioonekana, za hewa na tambara lililokamuliwa, za betri na panya. Habari ya dawa ya vyoo pia hakuificha. Mkewe aliwatazama kutoka mlangoni na sufuria mkononi. Msimamizi aliuliza maswali mengi kuliko mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Habari ya zege haikutajwa asubuhi ile, wala siku nyingine.

Miezi miwili baadaye lundo lilikuwa limeshuka hadi magotini. Maganda hayakuonekana tena. Palikuwa na udongo mweusi, mlaini, unaomomonyoka vidoleni. Mzee Jani aliuchuja, akautia kwenye mifuko ya miche. Mvua ilipoanza, majani ya miche yalikuwa ya kijani kizito. Wanafunzi wenyewe waliomba kuipanda, wakashika majembe kwa namna iliyomtia mzee wasiwasi. Lori sasa lilikuja mara moja kwa wiki mbili, na likiharibika, hakuna aliyejua. Na asubuhi madirisha ya mabweni yalibaki wazi.

Siku moja msimamizi alikuja na mfuko mtupu chini ya kwapa. Alizunguka maneno kidogo, akasifia hali ya hewa, mwisho akasema mkewe ana maua nyumbani na yamedhoofu. Je, mbolea hii mtu anaipataje?

Mzee Jani aliujaza mfuko mpaka mdomoni, akaufunga vizuri.

"Ni bure, bwana. Lakini mfuko huu urudi."

"Utarudi, mzee. Kesho."

"Usirudi mtupu. Kwako si kuna miti?"

"Ipo."

"Basi usichome. Niletee majani."